Paa la Kufunguka: Kutoka Gaggenau hadi Lango la Ndabaka

Wakazi wa Nassa wanalifahamu vizuri gari hilo. Kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara kuu ya Mwanza–Musoma inapobeba mabasi, malori ya pamba, fuso za dagaa na bodaboda zisizohesabika, hupita pia gari la rangi ya mchanga, refu kuliko ndugu zake, lenye vioo vipana kila ubavu na tairi la akiba mgongoni. Halisimami Nassa. Linaipita Nyashimo, linaipita Lamadi, kisha linakata kulia kwenye lango la Ndabaka na kuingia Serengeti. Likishaingia hifadhini, dereva anashuka, anafungua vifungo vinne, na paa zima linainuka juu.

Gari hilo limetengenezwa kwa oda. Umbo lake limebuniwa miaka mingi iliyopita, lakini ndani lina friji, soketi za kuchajia kamera, redio ya masafa na viti vya kukalia kutwa nzima. Ulaya na Marekani, gari la anasa la paa la kufunguka lina ukoo wake unaojulikana: magari ya wafalme, ya marais, ya waigizaji wa sinema. Hili letu lina ukoo mwingine, na naamini historia yake haijapewa heshima inayostahili. Kule paa liliondolewa ili aliyemo aonekane. Huku liliondolewa ili aliyemo aone.

Pwani hii ya Ghuba ya Speke, ilipo Nassa, ilizoea kutazama vyombo vya ajabu tangu zamani. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita majini na mashua yake Lady Alice, iliyoundwa Uingereza vipande vipande ili wapagazi waibebe mabegani kutoka Bagamoyo na kuiunganisha ziwani. Baadaye wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, na mwaka 1909 kituo hicho kikapokelewa na Africa Inland Mission, mwanzo wa kanisa ambalo leo ni AICT. Mwaka huohuo wa 1909, tarehe 1 Mei, upande wa pili wa bara, mwanajeshi wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliegesha gari lake mbele ya bahari ya Atlantiki pale Swakopmund. Alikuwa ameondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Siku 630 njiani.

Gari la Graetz ndilo babu wa hadithi hii. Lilitengenezwa kwa oda yake katika kiwanda cha magari cha mji wa Gaggenau, Ujerumani, likainuliwa juu kuliko magari ya wakati ule ili tumbo lake lisikwangue visiki, likaachwa wazi na kufunikwa kwa turubai tu. Alipoondoka Dar es Salaam, reli ya kati ilikuwa haijafika hata Morogoro. Ilifika pale Desemba mwaka huo, na Tabora ilisubiri mpaka 1912. Kwa hiyo gari lilitangulia treni. Lakini halikutangulia miguu ya watu. Petroli ilibebwa na wapagazi na kuwekwa kwenye vituo njiani kabla gari halijafika, na penye mchanga, mto au mlima, wanavijiji ndio waliolivuta kwa kamba. Vitabu vya Ulaya humtaja Graetz kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Mimi nikitazama picha za safari ile naona mikono mingi zaidi kwenye kamba kuliko kwenye usukani, na majina ya wenye mikono hiyo hayakuandikwa.

Ili kuelewa yaliyofuata, lazima tujue jinsi magari ya anasa yalivyouzwa zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kampuni kama Rolls-Royce haikumuuzia mteja gari kamili. Ilimuuzia chesisi: fremu ya chuma, injini, gia, magurudumu na usukani. Mteja aliipeleka chesisi hiyo kwa waunda bodi, kina Hooper, Barker, Park Ward au Mulliner, wakamuuliza anataka nini. Milango miwili au minne? Paa la chuma au turubai? Ngozi ya rangi gani? Bodi ikachongwa kwa mbao za mti wa ash, ikavikwa bati la alumini lililofinyangwa kwa nyundo, na hakuna magari mawili yaliyofanana kabisa. Ukienda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, utaona Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni kisha na Mwalimu Nyerere. Wengi hupiga picha wakaondoka. Inafaa kuisogelea na kuangalia maungio ya bati lake, kwa sababu kazi ile ya nyundo na mbao ndiyo iliyokuja kukaa Afrika Mashariki na kupata watoto.

Ilikuja kwa sababu ya hesabu rahisi. Katika miaka ya 1920, kusafirisha gari kamili kutoka Marekani hadi Mombasa kulikuwa ghali, na bodi za mjini hazikufaa porini. Walowezi, wawindaji na wafanyabiashara wakaagiza chesisi za Ford na Chevrolet, wakawapelekea mafundi seremala wa mijini wawajengee bodi za mbao: ubavu mfupi, nyuma sanduku la kubebea hema na mizigo, juu turubai au hakuna kitu. Wengi wa mafundi hao walikuwa Wahindi, wakiwemo Wasingasinga, ambao baba zao walikuja na ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Kutoka kwenye karakana za namna hiyo ndiko zilikotoka, vizazi baadaye, bodi za mabasi tuliyopanda wote. Jina la Labh Singh Harnam Singh limebandikwa kwenye mabasi ya Kenya kwa miaka mingi. Dar es Salaam wapo Dar Coach. Lori la pamba lililopakia Nassa likielekea Mwanza nalo mara nyingi lilifika nchini likiwa kichwa na chesisi tu, bodi ikapigwa hapahapa.

Sasa gari likaingia Serengeti, na mwanzo wake ulikuwa mbaya. Mwaka 1920 mwindaji wa Kimarekani, Leslie Simson, alifika Seronera na Ford, na habari za wingi wa simba zikasambaa. Waliomfuata waligundua kwamba simba halikimbii gari. Anaweza kulitazama likimsogelea hadi hatua chache, kwa kuwa harufu ya mafuta na umbo la chuma havimwambii kwamba ndani kuna binadamu. Gari la wazi likawa jukwaa la kuulia. Watu walipiga simba wakiwa wameketi, bila kuteremka, wengi kwa safari moja. Serikali ya Tanganyika ilitenga sehemu ndogo kuwa pori la akiba mwaka 1921, na ikalikamilisha mwaka 1929. Miongoni mwa waliopiga kelele alikuwa mwindaji mwenyewe, Denys Finch Hatton, aliyeandika katika gazeti la The Times la London kulaani uuaji ule wa kutumia magari. Yeye alikuwa ameanza kuongoza watu wa kupiga picha badala ya risasi, na mwaka 1928 na 1930 aliwaongoza wageni wakubwa, akiwemo mrithi wa ufalme wa Uingereza.

Wakati huohuo Wamarekani Martin na Osa Johnson walikuwa wakizunguka nyanda hizi na magari ya Willys-Knight yaliyojengewa bodi maalumu kwa ajili ya kazi ya kamera. Filamu yao ya Simba ilionyeshwa mwaka 1928. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia ya paa letu inapoanza hasa. Mtu wa bunduki anahitaji shabaha moja, basi, amemaliza. Mtu wa kamera anahitaji kusimama, kugeuka pande zote, kusubiri, kukaa, kusimama tena, na kurudi kesho mnyama akiwa mzima. Anataka gari tofauti.

Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo kuwa eneo la hifadhi ambamo Wamaasai wangeendelea kuishi. Pamoja na hifadhi zikaja kanuni, na kanuni moja iliathiri ufundi kuliko uvumbuzi wowote: mgeni haruhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa. Watu wa Ulaya walikata paa kwa sababu ya jua na fahari. Hapa paa likakatwa kwa sababu ya sheria. Kama huwezi kutoka nje, basi nje lazima iletwe ndani.

Tulinganishe na gari jingine la miaka hiyo. Mwaka 1961 Ikulu ya Marekani ilipokea Lincoln Continental ya paa la kufunguka, iliyokatwa na kurefushwa na karakana ya Hess & Eisenhardt ya Cincinnati. Kiti chake cha nyuma kiliweza kuinuliwa kwa nguvu ya haidroliki ili Rais aonekane vizuri na umati. Mwalimu Nyerere alikuwa mgeni wa Kennedy huko Washington Julai 1963. Miezi minne baadaye, tarehe 22 Novemba, Kennedy aliuawa akiwa ndani ya gari hilo mjini Dallas. Likarudishwa karakana, likafungwa paa la kudumu na vyuma vya kuzuia risasi. Kiti kinachoinuka kilimtumikia mtazamwa. Wakati ule Arusha na Nairobi kilichokuwa kinainuka ni paa, na aliyetazamwa alikuwa chui juu ya mti.

Chombo kilichoishika kazi hiyo kwanza kilikuwa Land Rover. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, gari la shamba lenye bodi ya alumini na paa la turubai linalovuliwa. Kwetu ilikuwa gari la bwana shamba, la polisi, la daktari, la chama, na likishaondolewa paa na kung'arishwa, gari la gwaride ambalo Rais husimama ndani yake akipita mbele ya wananchi siku ya sherehe. Sidhani kuna gari jingine lililobeba kazi nyingi hivyo nchini. Kwa watalii lilifaa porini, ila lilikuwa finyu na gumu kwa mgongo. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za Nairobi zikaleta Kombi za Volkswagen zilizotobolewa paa, nyingine zikipakwa milia ya pundamilia, na mgeni alishuka Nairobi, akavuka mpaka, akaona Ngorongoro na Serengeti, akarudi kulala Nairobi. Fedha zililala huko pia.

Februari 1977 mambo yakageuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii ya Kenya yaliyokutwa upande huu yakashikiliwa. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Arusha ikajikuta ina mbuga maarufu kuliko zote duniani na karibu haina magari ya kuzizungukia. Mashirika ya umma kama State Travel Service yakaendesha yaliyokuwepo, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, bei ya mafuta ikapanda, vipuri vikaadimika. Bushi ya springi ilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Bampa moja ilizaa nyingine. Gari lililogongwa lilinyooshwa badala ya kutupwa, na lililokatika katikati liliungwa.

Mwandishi wa uchumi ataiita ile miaka ya hasara, na hatakosea. Mimi nasisitiza tu kwamba kizazi kizima cha mafundi bodi kilihitimu ndani ya miaka hiyo. Mtu aliyelazimika kutengeneza mlango wa Land Rover kwa bati la pipa hakuogopa tena kubuni mlango mpya. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na milango ya biashara ikaendelea kufunguka miaka iliyofuata, mafundi hao walikuwepo tayari, na wakaletewa chesisi bora kuliko zote walizowahi kushika.

Toyota ilizindua Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka huohuo wa 1984. Mwaka 1990 ikaja injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita kwa mstari, isiyo na tabo wala kompyuta. Umbo la gari hilo halijabadilika sana tangu hapo. Ni la kizamani, na uzamani huo ndio thamani yake: likizimika Moru au Kirawira, dereva mwenye spana na akili anaweza kulirudisha barabarani bila kumpigia mtu simu.

Lakini linavyotoka kiwandani halifai safari. Fuata kazi ilivyo katika karakana kubwa za Arusha, kama Hanspaul, ambazo zimeifanya kuwa kiwanda kamili. Gari linafika likiwa jipya, na jambo la kwanza linalofanyika ni kulikata. Chesisi inagawanywa nyuma ya mlango wa mbele, kipande cha chuma kinaingizwa kati, kinachomelewa na kushindiliwa mabamba pande zote mbili. Propela inarefushwa na kusawazishwa upya, la sivyo gari litatetemeka likifika mwendo wa barabara kuu. Paipu za breki na za mafuta zinaongezwa. Springi za nyuma zinaongezewa majani, shokapu zinabadilishwa na kuwekwa nzito. Kisha linasimamishwa zizi la mabomba ya chuma, ambalo ndilo litakalowalinda abiria gari likibiringika, na juu yake linajengwa paa.

Paa ni mtihani wa fundi. Likiwa zito, gari litalewa kwenye kona na wageni watashindwa kuliinua. Likiwa jepesi, litapiga kelele siku nzima kwenye barabara ya makorongo. Mikono minne ya chuma inayokunjika hulibeba kwenye kona, na mpira unaozunguka ukingo wote huzuia vumbi na mvua. Vumbi la Serengeti, hasa la kutoka Naabi, ni laini kama unga wa muhogo na hupenya panapoonekana hapana nafasi. Fundi anayejua kazi hujaribu paa lake kwa maji na kwa vumbi kabla hajaliruhusu litoke. Na kwa magari yatakayopita upande wetu wa magharibi kuna adui wa ziada: udongo mweusi wa mbuga, uleule wakulima wa Simiyu wanaoulimia pamba na dengu. Mvua ikinyesha unageuka gundi. Gari refu lililozidishiwa chuma huzama humo hadi kwenye difu, ndiyo sababu linafungwa winchi mbele na jeki ndefu ubavuni.

Mwisho huja anasa: kiti kimoja kwa kila dirisha ili mgeni asigombanie nafasi na mwenzake, ngozi au kitambaa kizito, meza ndogo, friji kati ya viti, soketi kwa kila safu. Mwenye kampuni huchagua rangi na mpangilio, na dereva naye ana lake la kuomba, kwa sababu yeye ndiye atakayelala na gari hilo porini. Hapo ndipo ninapowaona waunda bodi wa zamani wa London. Swali walilomuuliza bwana mwenye chesisi ya Rolls-Royce ni lilelile linaloulizwa Arusha leo, kwa Kiswahili, na bado kuna nyundo mkononi. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, wenye magari wakaja kutoka mikoa mbalimbali kwa lengo la kuvunja rekodi ya msafara mrefu iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani. Nyingi zilizopanga foleni zilikuwa za miaka mingi, na karibu kila moja ilikuwa imepita kwa fundi wa aina hiyo.

Mabadiliko ya karibuni yanagusa moyo wa gari lenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kuendesha Serengeti magari ya safari yaliyotolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota ya umeme na betri, yakichajiwa kwa jua kambini. Hanspaul nayo imeingia katika kazi hiyo pamoja na kampuni ya E-Motion. Nairobi, kampuni iliyoitwa Opibus, sasa Roam, ilianza kwa kubadilisha magari ya namna hiyohiyo. Hesabu za kuweka umeme zina mantiki: gari la safari haliendi kasi, linasimama mara nyingi, linarudi kambi ileile jioni, na mafuta ya dizeli hupelekwa huko ndani kwa malori kutoka mbali. Faida nyingine anaijua kila aliyewahi kusubiri simba atoke kichakani huku injini ya silinda sita ikinguruma chini ya miguu.

Kuna jambo linaloniuma katika haya yote, na linahusu Nassa. Upande wa magharibi wa Serengeti unashuka karibu kabisa na ziwa. Ndabaka iko jirani. Tembo wanaopigwa picha kupitia paa lile ndio wanaotoka usiku na kuingia mashamba ya Busega, Bariadi na Itilima. Mkulima wa huku anaujua uso wa tembo kuliko mgeni aliyevuka bahari kumtazama. Lakini magari yanakatwa Arusha, yanaungwa Arusha, yanaajiri Arusha, na huku yanapita tu. Vijana wa Lamadi na Nyashimo wanaochomelea mageti na matela ya trekta wana msingi uleule wa ufundi uliozaa karakana za kule. Wanachokosa ni chesisi ya kwanza na mteja wa kwanza. Lango la magharibi likipata wageni wengi zaidi kwa njia ya Mwanza, kama linavyoanza kupata, patahitajika mtu wa kuunga springi iliyovunjika Kirawira na kuziba mpira wa paa uliopasuka, na Arusha iko mbali, ng'ambo ya hifadhi nzima.

Na kazi haitakosekana hata umeme ukishika: mashine ya dizeli inayong'olewa ili betri ikae mahali pake haiishii jalalani. 1HZ iliyotunzwa ina soko popote penye Land Cruiser, na hununuliwa kabla haijapoa ili ifungwe kwenye gari jingine ambalo lake limechoka, mara nyingi la halmashauri, la zahanati au la mfanyabiashara wa mnadani.